Besi ya Kutazamwa

Wanasema hasira hasara. Nadhani aliyetunga msemo huo alikuwa amemuudhi mtu, akawa anatafuta namna ya kumnyamazisha. Mimi hasara zangu nyingi nimezipata nikiwa natabasamu, na methali ya hilo sijaisikia.

Hii ya safari hii ilianzia dukani, kwa hiyo nianzie dukani.

Duka la vyombo vya muziki liko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Nilipanda ngazi zake siku yangu ya mapumziko, viganja vikiwa bado vimenyauka kwa mvuke. Mimi ni dobi wa hoteli. Kazi yangu ni mashuka: yanatoka kwenye mashine yamejisokota, mimi na mwenzangu tunayakung'uta, tunayalisha kwenye pasi kubwa ya silinda, na upande wa pili yanatoka yamenyooka, yanangoja watu wayakunje tena kwa usingizi. Kazi hiyo imenipa mgongo mbovu na vidole vyenye nguvu. Mgongo nimekosa pa kuupeleka, lakini vidole nilijua kazi yake.

Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo aliyepandisha miwani kichwani.

"Karibu dada. Unamtafutia mtoto?"

"Najitafutia mwenyewe."

Akashusha kigitaa cha rangi ya waridi. "Hili jepesi, halichoshi bega."

"Nataka besi."

"Aa, besi." Akachungulia nyuma yangu, mlangoni, kana kwamba kuna mtu nimemwacha kwenye ngazi. "Ya mzee nyumbani? Ingekuwa vizuri aje mwenyewe aijaribu."

Nilikuwa nimeshaiona. Ilining'inia pembeni, chini ya zile za bei ya kutisha: gitaa la besi la nyuzi nne, rangi ya chai ya maziwa, kibao cha kifuani chekundu chenye madoa ya gamba la kobe, vitufe viwili vikubwa vya chuma. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kingo, pale mkono wa mpigaji unapolalia. Nikamwuliza kama ni la zamani.

"Jipya kabisa. Ni mtindo wa zamani tu. La zamani lenyewe utauza nyumba. Hili limechubuliwa kiwandani, makusudi."

Nikacheka peke yangu. Kumbe kuna watu wanalipia kuchubuliwa, na mimi miaka yote nachubuka bure.

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaliweka gitaa pajani. Shingo yake ilikuwa nene, na nilifurahi, kwa sababu gitaa nililojifunzia lilikuwa na shingo nene vilevile. Nilijifunza kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya dansi tangu kabla sijazaliwa hadi mapafu yalipomgomea. Alinianzisha nikiwa mdogo kiasi kwamba besi ililala mapajani mwangu kama gogo. Alinifundisha kitu kimoja kuliko vyote: usifike kabla ya ngoma. Ngoma ifike, ikae, halafu wewe uje ukae juu yake taratibu, kama mtu mzima anavyokaa. Nikapiga hivyo pale dukani, kwa vidole viwili, mstari mmoja tu wa mjomba, nikizungukazunguka. Sauti ikatoka nene na ya mviringo. Kengele ndogo za kwenye kaunta zikaanza kutetemeka.

"Kumbe unajua!" akasema muuzaji.

Hilo neno, nikiambiwa mimi, silipendi. Mtu akikwambia "kumbe", amekuonyesha alichokuwa anakifikiria tangu ulipoingia.

Nilinunua ile besi, nikanunua na amplifaya, yaani spika yenye mashine yake ndani, iliyotumika, ndogo, ya mraba, inayofika magotini. Kama kila kitu cha bei nafuu, besi ile ilikuwa na kasoro moja ambayo muuzaji hakuitaja. Skrubu inayoshika mkanda wa begani ilikuwa inalegea. Nilichomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu lake, nikaikaza, nikaendelea na maisha. Ikumbukeni hiyo skrubu.

*

Sasa mama. Mama masikio yanamtoka. Hayakuondoka kwa mpigo, yanaondoka kama wageni wa shughuli, mmoja mmoja, na kila mmoja anachukua kitu. Kwanza zilikwenda sauti nyembamba: birika, simu, wajukuu. Baadaye mvua juu ya bati. Daktari alimwambia zile nene ndizo zitakazobaki mwisho, na hata hizo hazina ahadi. Kwa kuwa hajisikii mwenyewe, mama anaongea kama mtu anayeita basi lililokwisha kuondoka. Mtaa mzima unajua mambo yetu.

Siku niliyoleta vile vitu nyumbani nilikuwa jikoni najaribu, yeye akaingia na beseni la viazi. Alitafuta pa kukaa, akaona kitu cha mraba cha kimo cha kigoda, akakikalia. Nilikuwa katikati ya mstari wa mjomba. Mama akaganda, kisu hewani.

Nikaacha kupiga. Nilidhani umeme umempiga.

"Endelea!" akasema.

Nikaendelea. Akafumba macho. Akiwa msichana alilala chumba kilichopakana ukuta na cha kaka yake, na kaka yake alifanya mazoezi kila jioni. Mistari ile aliipokea kwa mgongo, ukutani, kabla hata hajaijua majina. Sasa ilikuwa inampanda kutoka chini, kupitia kwenye mbao za amplifaya.

"Ni kaka," akasema. Halafu akajirekebisha. "Hapana. Ni wewe."

Tangu siku hiyo ile amplifaya ikawa kiti cha mama. Nikitoka kazini nampigia, yeye anamenya, anachambua mchele, ananikosoa. "Hapo umepotea!" anasema, na kweli nimepotea. Mama yangu asiyesikia mlango ukigongwa alikuwa anazijua nyuzi zangu moja moja.

Basi nikawa na tamaa moja tu, niiseme wazi ijulikane: nilitaka mama anisikie nikipiga na bendi, mbele za watu, kabla hata sauti hizo nene hazijamtoka.

*

Bendi niliipata. Ilikuwa bendi ya harusi na sherehe za ofisi, mpiga besi wao alikuwa amehama mji. Kiongozi wao tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alivaa kofia na kufungua mazoezi kwa hotuba. Mpiga kinanda aliitwa Vidole. Kulikuwa na mpiga dramu asiyeongea, waimbaji wawili, na fundi mitambo, yule anayekaa nyuma ya ukumbi kwenye miksa, ile meza ya vitufe ambako sauti zote hupita kabla ya kwenda kwenye spika kubwa.

Nilipokwenda kujaribiwa, Mwenyekiti alilitazama gitaa kabla ya kunitazama mimi. "Hilo lina sura," akasema. Nikapiga. "Vizuri sana," akasema, bado analitazama. Mimi nikavishwa kilemba cha ukoka, nikakinyoosha vizuri kichwani, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Mwanzoni tulialikwa kwenye harusi ya jirani, na mama naye alialikwa. Alivaa gauni lake la maua, akakaa meza ya mbele, viganja viwili juu ya meza. Mimi jukwaani nilikuwa najisikia vizuri kabisa. Mbele ya miguu yangu kulikuwa na spika ndogo iliyonielekea mimi, na besi yangu ilinguruma mle ndani, safi. Wimbo wa kwanza ulipoisha, kabla ya makofi, mama akasimama.

"Mbona simsikii mwanangu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu wa pembeni yake akamwonyesha masikio, akimaanisha, mama, tatizo ni hayo. Fundi mitambo alicheka kwenye maikrofoni yake, na kicheko chake kikatoka kwenye spika zote. Nilitamani ardhi ipasuke, nami niwe wa kwanza kuingia.

Nyumbani mama hakulegeza. "Besi niliisikia. Si wewe."

"Mama, pale jukwaani alikuwepo nani mwingine mwenye besi?"

Ilibidi nirudie mara kadhaa, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na ukitaka kujua hasira inavyoiva, jaribu kugombana na mtu ambaye lazima umpigie kelele hata ukisema "naomba chumvi".

"Sijui ni nani," akasema. "Wewe unachelewa kidogo, kama mjomba wako. Yule anafika kabla ya kuitwa."

Nilimwambia arudi kwa daktari. Nilimwambia ananionea wivu, neno ambalo hata sijui lilitoka wapi. Nikaacha kupiga nyumbani. Kila jioni niliporudi nilimkuta mama jikoni, na viazi vyake, amekalia amplifaya iliyozimwa.

*

Ile skrubu sasa.

Ilikuwa sherehe ya ofisi fulani, mchana, watu wamekula wameshiba, wanacheza. Tuko katikati ya wimbo wa kasi, jasho linatutoka. Njiti ya kiberiti ikachoka. Skrubu ikachomoka, mkanda ukaruka, besi ikaanguka. Niliidaka kwa magoti na mikono miwili, kama mtu anayedaka mtoto aliyetoroka bafuni. Vidole vyangu havikuwa kwenye uzi wowote.

Na besi iliendelea.

Ilitoka kwenye zile spika kubwa, ikazunguka ukumbi, watu wakaendelea kuicheza. Hakuna hata mmoja aliyekosea hatua. Kwenye spika yangu ndogo ya miguuni palikuwa kimya. Nikageuka taratibu. Vidole alikuwa anapamba wimbo kwa mkono wa kulia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea peke yake kwenye meno ya kinanda ya sauti nzito, dum, dum, dum, unafika kabla ya kuitwa.

Nikamaliza sherehe ile nimesimama, besi nimeikumbatia, napapasa nyuzi. Hakuna aliyejua tofauti, wala tofauti haikuwepo.

Wakati tunapakia vyombo kwenye gari nikamfuata fundi mitambo. Alikuwa anaviringisha nyaya.

"Sauti yangu inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwako. Si unaisikia pale miguuni?"

"Na ukumbini?"

Akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena.

"Dada, usiichukulie vibaya," akasema. "Tangu uje tunaitwa kila mahali. Watu wanasema, mje na yule dada wa gitaa la kizamani. Picha zinatoka, we acha tu."

"Kwa hiyo mnaalikwa kwa ajili ya gitaa."

"Kwa ajili yenu wote wawili."

"Umewahi kunisikia nikikosea?"

"Hujakosea hata siku moja. Ndiyo maana hatukutaka ukosee."

Niliitafakari sentensi hiyo pale kwenye maegesho nikakosa mlango wa kuiingilia. Vidole naye, kwa ukarimu wake, akaona anifariji. "Mimi mkono wa kushoto umeshazoea, tangu yule mpiga besi wetu wa zamani aondoke. Haunisumbui kabisa."

"Sikukuuliza kama unakusumbua."

"Dada, punguza sauti," akasema Mwenyekiti.

"Si mmeshaipunguza nyinyi?"

Mpiga dramu alicheka, halafu akajifanya amekohoa.

"Mimi ni pambo," nikasema.

"Pambo zuri," akasema Mwenyekiti, na alidhani ananisifu.

Sijui kama mmewahi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa halafu mkaonyeshwa chupa. Nilikuwa nimeshinda mazoezini jioni baada ya kusukuma mashuka kutwa nzima. Ncha za vidole zimeota sugu. Nimemwambia mama yangu arudi kwa daktari, nimemwita mwenye wivu. Haya yote nilikuwa nayafanya kwa ajili ya spika moja ya miguuni, kama kuku anayejipigia kelele ndani ya tenga.

Ningeondoka palepale. Lakini Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa harusi ya mdogo wangu, na bendi iliyochukuliwa ilikuwa sisi.

"Jumamosi nifungulie sauti," nikamwambia Mwenyekiti. "Siku hiyo moja tu. Mama yangu atakuwepo."

"Harusi ya ndugu yako ndiyo kabisa. Utashikwa na machozi, vidole vitetemeke. Tuache kama ilivyo, dada. Utapendeza."

*

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa pale pale.

"Mama, ulisema kweli."

"Nini?"

"Ulisema kweli!"

"Nani kafa?"

"WAMENIZIMA!" Dirisha la jirani likafunguka. "BENDI! WAMENIZIMA SAUTI! ANAYEPIGA NI KINANDA!"

Nikaona linamwingia. Mama aliweka kisu ndani ya beseni, akajifuta mikono. Nilitegemea aseme "nilikwambia". Haki yake ilikuwa hiyo, na ningeipokea.

"Mimi masikio kayazima Mungu," akasema. "Wewe kakuzima nani?"

Nikamwekea kiganja begani, akakitoa. Hakuwa anataka kubembelezwa, alitaka kujua ni nani.

Mdogo wangu alipita jioni ile kuchukua viatu vyake vya harusi, akatukuta tumenuna. Nikamweleza. Aliniangalia kwa ile subira ya watu wenye shughuli.

"Dada, kwani si watu watakuona? Inatosha. Tena ukiwa mbele pale na lile gitaa, picha..."

"Wewe unaoa mwanamke au unaoa picha?"

"Usiniharibie shughuli yangu, nakuomba. Wakwe watakuwepo."

"Na mama yako atakuwepo."

"Mama hasikii!"

Alisema hivyo mbele ya mama, kwa kuwa hasikii. Mama alikuwa anamtazama midomo. Akainuka, akampa viatu vyake, akamfungulia mlango.

Usiku sikulala vizuri, nikawa naikaza ile skrubu. Njiti mpya mbili na gundi ya mbao. Safari hii hata gitaa likianguka na jengo, mkanda utabaki.

*

Ukumbi wa harusi ulikuwa na mapazia meupe, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na meza kuu yenye maua. Mama alikuwa ametengewa kiti chake kule juu, kando ya wakwe, kimefungwa utepe mgongoni. Mimi nilifika mapema, amplifaya begani, nimeifunga kwa shuka la hotelini lililochakaa. Nikaitua chini mbele ya jukwaa, upande wangu, nikachomeka umeme.

Mwenyekiti akaja na kofia mpya. "Hiyo nini?"

"Kiti cha mama."

"Mbona kina waya?"

"Mama yangu anapenda viti vyenye waya."

Akataka kusema kitu, lakini wageni walikuwa wanaingia na bibi harusi alikuwa mlangoni. Akaniachia tabasamu la kibiashara, akaenda kushika maikrofoni.

Mama alikaa kwenye kiti cha utepe wakati wa hotuba. Hotuba zilikuwa ndefu, naye hakuambulia hata moja, akawa anaitikia kwa kichwa pale wengine walipoitikia. Macho yake yalikuwa yananitafuta. Halafu akaiona amplifaya. Aliinuka katikati ya neno la baba mkwe, akavua viatu vya kubana, akavishika mkononi, akashuka jukwaa la meza kuu, akapita mbele ya ukumbi mzima peku. Akaikalia. Mdogo wangu alinikodolea macho yanayosema nitakuua. Mama mkwe alimnong'oneza mumewe. Mimi nilikuwa najifunga mkanda.

Mwenyekiti akatangaza wimbo wa maharusi. Mpiga dramu akahesabu kwa vijiti. Waya wangu ulikuwa umechomekwa kwenye kisanduku cha jukwaani kinachopeleka sauti kule kwenye miksa. Nikauchomoa, nikainama, nikauchomeka kwenye amplifaya, katikati ya visigino vya mama. Fundi mitambo alikuwa kule nyuma na meza yake ya vitufe, wala hakushtuka. Angeshtukaje? Kitufe changu kilikuwa chini tangu siku ya kwanza.

Nikapiga.

Sijawahi kupiga hivyo na sitaki kusema nilipiga vizuri. Nilipiga nikiwa nimeudhika kuanzia unyayo. Nilikuwa nawapiga wao: muuzaji na miwani yake, kofia, mkono wa kushoto, kicheko cha kwenye maikrofoni. Amplifaya ni ndogo, lakini nilikuwa nimeifungulia hadi mwisho, na meza za mbele glasi zilianza kugongana. Kwenye spika kubwa besi ya kinanda nayo ilikuwa inatembea. Zikakutana katikati ya ukumbi, moja inafika mapema, nyingine inakuja baadaye, na maharusi, masikini, wakawa kati yake. Bwana harusi alienda kushoto, bibi harusi akaenda kulia. Mdogo wangu akamkanyaga mkewe kabla ndoa haijamaliza saa.

"Zima hiyo!" Mwenyekiti alinifyatulia kwa pembe ya mdomo, meno yakiwa bado yanacheka na wageni. "Dada! Zima hicho kitu!"

"Njoo umwinue mama," nikamwambia.

Akamtazama mama. Mama alikuwa amekaa wima, viganja kwenye pande za amplifaya, viatu mapajani. Mwenyekiti hakwenda.

Mama alikuwa amekunja uso. Alikanyaga chini mara mbili kwa unyayo mtupu, akisikiliza sakafu. Huko kwenye sakafu ilikuwa inapita ile nyingine, ya kwenye spika kubwa. Akainua kichwa.

"Kuna mtu anamwingilia mwanangu!" Sauti yake ilipita juu ya waimbaji wote wawili. "Nyie! Kuna mtu anamwingilia! Mwambieni atoe mkono!"

Waimbaji wakakatiza wimbo. Watu walianza kucheka kama walivyocheka siku ile, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu walio mbele walikuwa wanasikia besi mbili na jukwaani wanaona moja. Mzee mmoja wa meza ya tatu akanyoosha shingo kumtazama Vidole. Wengine nao wakamtazama. Mpiga dramu aliacha kutazama vijiti vyake, akageuza kiti kabisa, akamkazia macho. Vidole akababaika. Akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba umeletwa na mtu mwingine, akaunyanyua, akauweka pajani.

Besi kwenye spika kubwa ikafa.

Ikabaki yangu, ndogo, inatoka chini ya gauni la maua la mama. Mpiga dramu akanisogelea kwa mlio wa taratibu, akanipa nafasi. Nikaja nikakaa juu yake, nikiwa bado nimechelewa na bado nimeudhika. Mdogo wangu na mkewe wakaipata hatua, si vizuri sana, lakini wakaipata. Watu wa nyuma walianza kusogea mbele na viti vyao ili wasikie.

Mama alifumba macho. Akatikisa kichwa mara moja, mara mbili, kwa mwendo wa mjomba.

"Huyu ndiye mwanangu!" akatangaza. "Sasa nakusikia!"

Nilidhani nitalia. Mwenyekiti alikuwa ametabiri machozi, kwa hiyo niliyameza, kwa ubishi tu.

Mama akafumbua macho. "Ila unakimbia!" akasema. "Una hasira, inanipanda mpaka huku mgongoni! Yuko wapi huyo aliyekuzima?"

Ukumbi mzima ukanigeukia, wakwe na maharusi wakiwemo, kusubiri jibu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Nikamwonyesha kwa kidevu.

Mama akajigeuza juu ya kiti chake chenye waya, akamtazama Mwenyekiti kuanzia viatu, akipanda pole pole, na mimi nikaendelea kupiga mpaka afike kwenye kofia.